Anasalimia Tu

Katika kitabu cha kanuni za gari lisilo na dereva, kilichoandikwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga Bujumbura, paliwahi kuwa na kanuni moja niliyoiandika mimi. Ilisema kwamba katika mji wetu mwanamke wa makamo aliyesimama kando ya barabara na mzigo kichwani, akiinua mkono nusu, haombi gari. Anasalimia tu, na gari lisisimame. Nimeandika mambo mengi maishani mwangu, barua za kuomba kazi, barua za mapenzi, hata risala ya harusi ya mtu nisiyempenda, na hakuna hata moja lililosomwa kwa makini na kutiiwa kama hilo. Nalo lilikuwa uongo mtupu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kampuni moja ya nje ilitaka kutengeneza magari madogo ya umeme ya watu sita, yasiyo na dereva wala konvuwayeri wa kupiga kelele mlangoni. Magari hayo yangezunguka barabarani bila kituo wala saa maalumu. Yakimwona mtu anayehitaji kwenda mahali, yangesimama, apande, akae na wengine wanaoelekea upande uleule, na hivyo watu waachane na shida ya mabasi. Walichagua mji wetu kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Miaka hii basi limekuwa jambo la kubahatisha, na watu husimama kando ya barabara wakimwomba lifti yeyote mwenye tairi nne. Wenye kampuni waliona hapa ndipo mashine ingejifunza kusoma mikono ya watu. Sisi tulicheka. Gari lisilo na dereva, kwenye mji ambao madereva wamejaa tele, wamelala ndani ya magari yao kwenye foleni ya esansi!

Lakini kazi ni kazi, nikaomba, nikapata. Tulikuwa wachache katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Gari la kampuni lenye kamera juu ya paa lilipita mitaani likipiga picha, na sisi tuliletewa picha hizo kwenye kompyuta. Kila mtu aliyeonekana tulimchorea kisanduku, kisha tukaandika pembeni anafanya nini: anatembea, anangoja, anaomba gari, anasalimia. Mashine ilijifunza kwa visanduku vyetu. Kwa kuwa nimezaliwa mtaa wa Bwiza na ninasema Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, nilipewa cheo cha mtu wa mila. Palipokuwa na mkono usioeleweka, niliitwa mimi. Cheo hicho nilikipenda kuliko mshahara.

Mikono yenyewe si migumu. Anayesalimia huinua kiganja juu, kikitazama wenye gari. Anayeomba lifti hunyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, na kuushusha taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Mtoto wa shule wa hapa anaweza kukueleza tofauti hiyo.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nacho, wa umri wangu, tuliyemwita Madame. Hakuwa na majivuno. Majivuno nilikuwa nayo mimi. Siku moja aliniuliza mama yangu anafanya kazi gani, nikamjibu kwa Kifaransa cha puani kwamba ni commerçante, mfanyabiashara anayeagiza bidhaa kutoka ng'ambo. Mama yangu anauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, kwenye soko la Bwiza. Ng'ambo niliyoitaja ilikuwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa dada yake, ambaye humtumia gunia moja anapojisikia. Harufu ya ndagala ndiyo iliyonisomesha. Ilikuwa kwenye sare yangu ya shule, kwenye madaftari yangu, na kwenye pesa alizonipa, na tangu nilipopata kazi ya ofisini nilikuwa nikijinusa mikono kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tulitumwa kupiga picha njia ya kusini, nami nikaingia kwenye gari la kamera ili nionyeshe njia. Mbele alikaa dereva, mzee mmoja Mwislamu wa Buyenzi ambaye hakuwahi kuwasha gari bila kusema Bismillahi. Huyo alikuwa akitutania kila siku kuhusu gari letu la ajabu. "Iyo mashine yenu," alikuwa akisema, "nani atasema Bismillahi mu nafasi yangu?" Alijua wazi kwamba kila safari yake inaifundisha mashine kumwondoa kazini, na bado alikuja kwa wakati kuliko sisi sote. Tena alikuwa na desturi ya kubeba watu njiani. Madame hakumkataza, alisema hata hiyo ni sehemu ya utafiti. Mimi nilikaa mbele kando ya dereva, Madame nyuma, na pembeni yake palikuwa na nafasi.

Tulikuwa tunarudi kutoka Kanyosha, jua la saa sita likiwaka. Nilimwona kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu mtoto humjua mamaye kwa mwendo, hata akiwa amesimama. Alikuwa na beseni la ndagala kichwani, amelishika kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshuka asubuhi kwenda kununua kwa watu wa ziwani, basi la kurudi likakosekana, na sasa alikuwa ametembea kipande kizima cha njia na bado kipande kikubwa kilikuwa mbele yake. Mkono wa pili alikuwa ameunyoosha, kiganja chini. Haukunyooka vizuri kwa kuwa alikuwa amechoka.

Dereva akapunguza mwendo. "Uyu mama tumubebe?"

Madame akainama mbele kuangalia. "Anaomba lifti au anatusalimia?"

Wote wawili wakanitazama mimi, mtu wa mila. Nikaiona picha nzima kichwani: beseni likiwekwa kwenye kiti kando ya Madame, harufu ikijaa gari, na mama akisema kwa furaha, kama anavyosema popote, kwamba huyu ni mutoto wake wa kwanza, huyu wa kompyuta. Nikaiona commerçante yangu ya ng'ambo ikiporomoka pale pale.

"Apana," nikasema. "Anasalimia tu."

"Mama mwenye muzigo ku kichwa atasalimia gari ya nini?" akauliza mzee. Lakini mimi ndiye niliyepewa cheo, yeye alipewa usukani tu. Akakanyaga, tukapita.

Tulipita karibu naye kiasi kwamba niliona vumbi kwenye nyusi zake. Alikuwa ananitazama mimi. Mimi nikaitazama simu yangu kwa bidii kubwa, na simu yenyewe ilikuwa imezima tangu asubuhi kwa kukosa chaji.

Jioni ile aliporudi nilikuwa nimeshafika nyumbani. Alivua viatu, akaweka miguu kwenye maji ya chumvi. Nilijifanya nasoma. Mwishowe akasema, bila ukali wowote, "Leo nilikuona, papa. Mu gari ya kamera."

Huko kwetu mama humwita mwanawe papa anapompenda. "Mi sikukuona, mama," nikajibu.

"Si kitu. Nilikuwa nasalimia tu."

Neno lile lile nililolisema garini! Hakuna aliyemwambia. Alilitafuta mwenyewe akanipa, kama anavyonipa kipande kikubwa cha samaki na kusema yeye ameshiba. Nami nikalipokea. Nilihisi nafuu, mwili wote ukalegea, na leo nikikumbuka ile nafuu ndipo ninapotamani ardhi ipasuke. Nilikula vizuri jioni ile, nikalala vizuri.

Wiki chache baadaye picha za njia ya kusini zililetwa kugawiwa, na kipande cha Kanyosha kikaangukia kwenye kompyuta yangu. Kamera ilikuwa juu ya paa, kwa hiyo watu wote barabarani walionekana wakiitazama, maana kamera ni kitu cha kutazamwa. Mama peke yake hakuitazama. Macho yake yalikuwa chini kidogo, kwenye kiti cha mbele. Nikasimamisha picha, nikamchorea kisanduku. Nilichora kwa uangalifu, nikalizungushia na beseni ili lisikatwe. Kisha nikabaki na maneno manne ya kuchagua.

Ningeandika anaomba gari, mambo yangeishia pale. Lakini kazi zetu zilipitiwa na Madame kabla ya kutumwa, na Madame alikuwa garini siku ile. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba sikuweza kuandika kwa mkono wangu kwamba mama yangu aliomba na mimi nikamnyima. Nikabonyeza anasalimia.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari. Siku mbili tu baadaye mkaguzi wa huko nje aliniandikia. Aliuliza kwa adabu: mbona mkono huu umeuita salamu, ilhali mikono mingine ya namna hii umeiita ombi? Mashine haiwezi kujifunza mambo mawili yanayopingana. Tafadhali sahihisha, au eleza.

Sahihisha au eleza. Nilikaa na maneno hayo mchana mzima, kisha nikaeleza. Niliandika kwamba katika utamaduni wetu wanawake wa makamo, hasa wenye mizigo, husalimia magari yanayopita kwa heshima, na kwamba mgeni anaweza kudhani wanaomba lifti. Niliandika Kifaransa kizuri sana. Niliweka hata neno la Kirundi, amahoro, ili kunogesha, nikaeleza kwamba salamu kwetu ni kutakiana amani. Hilo la amani ni kweli, ndilo lililoubeba uongo wote uliobaki.

Jibu lilikuja limejaa shukrani. Wakasema hayo ndiyo mambo wasiyoweza kuyajua bila mtu wa mahali. Wakaifanya kanuni, wakaitia kwenye kitabu, na juu yake wakaweka picha ya mfano. Uso ulikuwa umefunikwa ukungu ili mtu asijulikane, lakini beseni lilionekana vizuri, na kitenge, na mkono. Kisha wakatuagiza turudi nyuma turekebishe kazi yote ya zamani ilingane na kanuni mpya.

Nilirekebisha. Sitasema nililazimishwa, kwa sababu niliomba nifanye mwenyewe, nikiogopa wenzangu wasije wakauliza. Kwa siku mbili nilibadilisha wanawake. Mama wa ndizi, anasalimia. Mama wa mkaa aliyejishika kiuno, anasalimia. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la mihogo kichwani, mvua ikimnyeshea, anasalimia. Mmoja nilimtambua, alikuwa anakaa meza moja na mama sokoni, na utotoni alinipaka mafuta nilipoungua. Naye anasalimia. Mwenzangu mmoja akasogea akasema kwao hawasalimii hivyo. Nikamwambia yeye kakulia nyumba ya geti, angejua nini kuhusu mama za watu. Akarudi mezani kwake, maskini, akidhani amenikosea.

Kisha ikaja siku ya maonyesho. Madame alituita sote mbele ya skrini kubwa, na mzee wa Buyenzi akaalikwa pia. Tungeona gari likifikiri, ndivyo alivyosema. Lilikuwa limepewa safari zetu za zamani kwenye kompyuta, na sasa lingeamua lenyewe lisimame wapi na lipite wapi. Likimkubali mtu, kisanduku chake kingekuwa kijani.

Kijana mwenye begi, kijani, gari likasimama. Tukashangilia. Wasichana wawili wa shule, likasimama. Bwana mwenye koti, likasimama haraka zaidi, tukacheka. Kisha akaja mama mwenye kapu. Gari halikupunguza hata kidogo. Akaja mwingine, likapita. Karibu na daraja walisimama watatu pamoja, mizigo kichwani, mikono mitatu mbele, na gari likateleza mbele yao kama hawapo, na juu ya vichwa vyao yakaandikwa maneno yangu mara tatu. Wenzangu wakapiga makofi kwa sababu mashine haikukosea hata moja.

Mzee hakupiga makofi. Aliinua kidole kama yuko darasani. "Na aba bamama, gari inawaacha juu ya nini, sababu gani?"

"Ni desturi yenu, mzee," Madame akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Wanasalimia. Huyu ndiye alitufundisha." Akaniwekea mkono begani.

Mzee alinitazama. Nilingoja aseme. Nilikuwa natamani aseme, nitukanwe, yaishe. Lakini yeye alichukua kofia yake, akaomba ruhusa akaswali, akatoka. Mkono wa Madame ulikuwa bado begani kwangu na nilikuwa nimelowa jasho mpaka kiunoni.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia mkaguzi kwamba kanuni ile si sahihi. Niliandika nimekosea. Nimedanganya, hilo sikuliandika. Akajibu kwamba kanuni tayari imefundishwa kwa mashine kwa mifano mingi na haiwezi kufutwa kwa neno la mtu mmoja, hata kama ndiye aliyeileta. Lakini yote yalisimama juu ya ule mfano wa kwanza. Je, mwanamke yule anaweza kupatikana? Akipatikana, aseme kwa sauti yake mwenyewe alikuwa anataka nini siku ile, nami niirekodi na kuitafsiri. Lilikuwa ombi la haki kabisa, na nililichukia.

Nilingoja Jumapili. Mama alikuwa ametoka kanisani, amebadilisha nguo, amekaa uani anachambua ndagala kutoka kwenye mchanga. Nikakaa kwenye ndoo mbele yake na kumwambia. Nilimwambia kwamba nilimwona. Nilimweleza habari ya Madame, commerçante, harufu, kiti kilichokuwa wazi, na maneno niliyomwambia dereva. Nilimweleza kisanduku na kanuni na wanawake wote niliowabadilisha. Vidole vyake havikusimama hata mara moja, samaki huku, mchanga kule.

"Iyo gari ikikuja," akauliza, "itaacha bamama wote?"

"Wote wenye mizigo."

"Juu yangu mi?"

"Juu yangu, mama."

Nikaweka simu juu ya ungo, nikamwambia aseme tu kwamba alikuwa anaomba gari. Akaitazama kama mdudu. "Nikisema nilikuwa naomba, ni kusema mutoto wangu aliniona akaniacha. Niseme vile mu simu, batu basikie?"

"Hawajui kama mi ni mutoto wako."

"Mi najua."

Hapo nilishindwa. Nililia, mtu mzima mwenye ndevu, uani, jirani akianika nguo. Mama aliniacha nilie, hakunibembeleza. Nilipomaliza alijipangusa mikono kwenye kitenge, akauliza ni wapi anabonyeza. Nikabonyeza mimi.

Akainama karibu na simu, akaongea kwa sauti kubwa kama anaita mtu ng'ambo ya ziwa. "Mi ni ule mama wa beseni. Sikukuwa nasalimia. Nilikuwa naomba gari, nilikuwa nimechoka, miguu ilikuwa inawaka." Nilinyoosha mkono kuzima, akanizuia. "Na kijana mwenye alikuwa mbele mu gari aliniona muzuri. Vitre ilikuwa wazi. Nikamuita kwa jina yake. Akapandisha vitre."

Akarudia kuchambua samaki wake.

Hilo la vitre, la kioo cha gari, sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeungama yote na kuacha hilo moja, nikidhani vumbi lilimzuia kuona, nikijidanganya kwamba sauti yake haikunifikia. Ilifika. Hata wewe unayesoma sikukueleza, na nilikuwa na nafasi.

Kesho yake nilituma sauti pamoja na tafsiri. Niliandika kwamba mwanamke huyo anasema hakuwa anasalimia, alikuwa anaomba gari, alikuwa amechoka, na miguu ilikuwa inawaka. Kanuni ikafutwa wiki hiyo hiyo, wakanishukuru kwa uaminifu wangu. Wao hawajui Kiswahili. Sehemu ya kioo sikuitafsiri.